Anayekanyaga Alete Maji

Gunia lilikuwa linachuruzika maji nyuma ya baiskeli, nami nilipoliona tu nikabandika sufuria. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Nyumbani kwetu gunia linalochuruzika lilikuwa na maana moja tu. Alilishusha, akalifungua taratibu kama mtu anayefungua kitenge kipya, nikachungulia. Ndani mlikuwa na nyasi.

"Samaki iko wapi?" nikamuuliza.

"Leo hakuna samaki, mama. Hii njo gazoni, majani ya Bazungu."

Alikuwa amezing'oa kwenye kambi kubwa ya jeshi, nje ya mji wa Kamina, alikokwenda kuwauzia maofisa samaki wa kutoka Mulongo. Kule, mbele ya nyumba za wakubwa, zilikuwa zimebaki nyasi fupi zilizopandwa na Wazungu zamani. Alikuwa amezipita kwa miaka mingi bila kuzitazama, lakini siku ile, sijui jua lilikuwa limempiga vipi, alizitazama. Vita vilivyomwondoa rais wa zamani vilikuwa vimekwisha miezi michache tu iliyopita, na watu wengi mjini walikuwa na mipango ya ajabu. Jirani yetu mmoja alikuwa anataka kufuga sungura. Mume wangu akataka nyasi.

Mimi nilizaliwa Kabongo. Kwetu uwanja wa nyumba hufagiwa kila asubuhi mpaka ung'ae, na mistari ya ufagio ibaki inaonekana. Majani yakiota mlangoni, basi mwenye nyumba amekufa, au mke wake ni mvivu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa mwanamke wa Kiislamu kutoka mji wa Kasongo, ambako wazee wake walifanya biashara tangu enzi za misafara. Hatukuelewana juu ya chumvi, wala juu ya malezi, wala juu ya namna ya kukunja shuka. Lakini juu ya uwanja, Kasongo na Kabongo walikuwa kitu kimoja.

"Mutoto yangu," alimwambia mwanawe, aliyekuwa amepiga magoti akipachika nyasi ardhini kidogo kidogo kwa kidole, "unapanda chakula ya mbuzi. Mbuzi iko wapi?"

"Hakuna mbuzi, mama. Ni ya kutazama."

"Ya kutazama!" Akanigeukia mimi. "Ulimupa nini asubuhi?"

Mvua zikanyesha, nyasi zikashika. Zilitambaa, zikakutana, na mwishowe mbele ya nyumba yetu ya matofali palikuwa na kitu cha kijani, laini, kikubwa kama mikeka mingi iliyotandikwa pamoja. Mume wangu alizikata mwenyewe kwa kupekupe, lile panga lililopinda ncha ambalo wafungwa hukatia majani kando ya barabara. Jioni alivua viatu, akasimama katikati, akachezesha vidole vya miguu. Alitoa sheria pia. Hakuna kukanyaga na viatu. Hakuna kuanika mihogo. Hakuna kufagia.

Hiyo ya mwisho ilimuuma mama yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na aliyajua maisha kupitia ufagio. Basi kila alfajiri, baada ya sala, alifagia sehemu iliyobaki, na kila alfajiri ufagio wake uliteleza kidogo kwa bahati mbaya. Mwezi mmoja baadaye nikaona ukingo wa nyasi umerudi nyuma kiasi cha kiganja. Mume wangu alichuchumaa pale, akaupima ukingo kwa dole gumba, akasema labda ni kuku. Sisi hatukuwa na kuku.

Kiangazi kilichofuata, mjomba wake alifariki Kasongo. Mume wangu akapanda treni ya kwenda kaskazini ili akamzike, na kwa kuwa hakuweza kwenda popote bila kununua kitu, akasema atarudi na mchele wa kule Maniema kabla ya mvua. Pale kituoni, treni ikianza kusogea, nilingoja aniambie neno la kuagana. Alitoa kichwa dirishani.

"Maji jioni, mama! Siyo muchana! Jua itaziunguza!"

Hayo ndiyo maneno niliyobaki nayo, kwa sababu haukupita muda mrefu vita vingine vikaanza, na reli ikakatika. Waasi walichukua miji ya upande ule mmoja baada ya mwingine. Kasongo ikawa kwao, Kamina ikabaki kwa serikali, na katikati wakajaa askari wa nchi nyingi kuliko zile nilizofundishwa shuleni. Treni za kaskazini hazikuja tena. Barua hazikuja. Tuliweka redio juu ya meza, na ilipotaja jina la mji wa upande wake, mimi na mama mkwe tuliacha kutafuna.

Msimu ule mvua ilinyesha vizuri, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kufikiria nyasi. Zilikua mpaka magotini. Nilikuwa nimekwisha kuamua kuziacha zifanye zinavyotaka, kwa kuwa kila nilipozitazama nilimwona yeye akichezesha vidole. Siku moja nikirudi kutoka sokoni, nikamkuta mama mkwe katikati ya nyasi, kanga yake ameifunga juu ya magoti, anapiga kupekupe kulia na kushoto kama mfungwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Natafuta nyoka," akasema, bila kuinua kichwa.

Alimtafuta nyoka huyo hadi jioni, kwa uangalifu, na alipomaliza nyasi zote zilikuwa na kimo kimoja. Nikakumbuka kwamba ufagio wake ulikuwa umeacha kuteleza siku nyingi.

Kisha kikaja kiangazi. Kamina wakati huo kuna baridi asubuhi, na upepo unaopeleka vumbi mpaka ndani ya chumvi. Bomba la mtaa lilikuwa halitoi maji, linakohoa tu. Tulichota kwenye chemchemi, chini bondeni, na kurudi tunapanda mlima bidoni, yaani dumu la maji, ikiwa kichwani. Mji ulikuwa umejaa: familia za askari kutoka pande zote za nchi, watu waliokimbia kutoka vijijini, wote kwenye chemchemi ile ile. Katika hali hiyo, mtu wa kumwagia majani maji angepelekwa kwa daktari.

Kwa hiyo niliiba. Maji niliyooshea mchele, badala ya kuyamwaga jikoni, niliyabeba mpaka mbele, nikaangalia barabarani, nikayamwaga haraka kama mtu anayetupa ushahidi. Maji ya kuoshea mboga, hivyo hivyo. Nilidhani niko peke yangu kwenye wizi huo, mpaka nilipoanza kuona mabaka. Nyasi zilikuwa zinakauka, zinageuka rangi ya chai, lakini hapa na pale palikuwa na baka la kijani kibichi, la mviringo, kadiri ya upana wa bibi kizee aliyechuchumaa.

Mama mkwe alikuwa anatawadha. Zamani alitawadha nyuma ya nyumba, karibu na choo. Sasa alikibeba kibao chake na birika lake mpaka kwenye nyasi, akaketi, akaosha mikono, uso, miguu, na kila sala ilipofika alikihamisha kibao mahali papya. Sala tano kwa siku. Na nilivyomwangalia siku moja, miguu yake ilioshwa kwa maji ya kutosha kumwosha ng'ombe.

"Mama," nikasema, "naona unatawadha hapa siku hizi."

"Nyuma kuko upepo."

"Hata hapa kuko upepo."

Akamimina maji yaliyobaki, taratibu, kwenye ukingo ule aliokuwa ameutafuna kwa ufagio mwaka uliotangulia. "Na weye," akasema, "muchele unaosha mara ngapi? Unataka kuutoa ngozi?"

Tukatazamana, halafu tukacheka mpaka yeye akalazimika kutawadha upya. Tangu siku hiyo tulimwagilia wazi, pamoja, jioni, siyo mchana. Lakini maji hayakutosha. Wanawake wawili na mabirika hawashindi kiangazi cha Katanga. Tulikuwa tunazikokota nyasi zile kama mgonjwa.

Hapo ndipo alipofika mpiga picha. Alikuwa kijana mrefu mwenye tai, na zamani alikuwa na studio karibu na soko. Nyuma ya wateja alitundika pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji na twiga. Waporaji walichukua kila kitu wakati wa vurugu, hata pazia, akabaki na kamera aliyokuwa ameivaa shingoni. Sasa askari wengi walitaka picha za kupeleka kwao kabla ya kwenda mbele vitani, na yeye hakuwa na mahali pa kuwasimamisha. Alisimama barabarani, akatazama mabaka yetu ya kijani, akavua kofia.

"Bamama, kwenye picha hii itaonekana kama Ulaya."

"Hapana," akasema mama mkwe.

"Hamtajuta, mama. Ni bantu wa heshima tu watakuja, na mimi nitawaambia..."

"Majani ya mutoto yangu. Hakuna muntu wa kukanyaga."

Kijana akavaa kofia yake. Alikuwa amekwisha kugeuka wakati mama mkwe alipotazama bidoni zetu tupu kando ya mlango, kisha akaitazama barabara ya chemchemi, ile yenye mlima, kisha akanitazama mimi. Niliiona fikra ikipita usoni mwake kama mtu anayepita nyuma ya pazia.

"Weye wa kamera! Anayekanyaga alete maji. Bidoni moja, ya kujaa. Na avue viatu."

Sisemi uongo: wiki hiyo hiyo tulikuwa na foleni. Askari wenye mabega mapana walipanda kutoka bondeni na bidoni begani, wamevaa sare zilizopigwa pasi, wakingoja zamu yao ya kuvua viatu. Mama mkwe alikaa mlangoni kwenye kibao chake, akachungulia kila bidoni kwa jicho moja. Isiyojaa ilirudishwa. Kapteni mmoja aliyetuma bidoni nusu alirudishwa pia, na alirudi mwenyewe na nzima, ameloa shingo. Watu walileta vitu vya kupendeza: redio, saa ya ukutani, maua ya plastiki, mtoto wa jirani aliye mnene zaidi. Askari mmoja alijilaza kiubavu, kichwa kwenye kiganja, akamwambia mpiga picha afiche mpaka wa nyasi, ili mchumba wake aliyeko Lubumbashi asione kwamba zinaishia pale. Miguu ilikuwa tatizo kubwa. Watu wa sare kamili na miguu mitupu, wote wakikunja vidole. Mpiga picha akajifunza kukata picha magotini.

Na nyasi? Zilikunywa. Nilimwaga bidoni baada ya bidoni, jioni, mpaka zikawa nene kuliko zilivyokuwa wakati wa mvua. Yaliyobaki tulipikia na kufulia, na majirani wakachota. Yule jirani wa sungura, aliyetucheka zaidi kuliko wote, sasa alituma watoto wake na ndoo, na salamu ndefu.

Foleni ilipokuwa kubwa tulipata msaidizi, mke wa askari mmoja kutoka mkoa wa Équateur, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyeuza mikate ya kukaanga kwa wanaongoja. Kiswahili chake alikuwa amekijifunza palepale sokoni, kwa nguvu. Mume wake alipigwa picha kwenye nyasi zetu, akaondoka na ndege siku mbili tatu baadaye. Filamu zilikuwa zinapelekwa Lubumbashi kusafishwa, na picha zilichukua wiki nyingi kurudi, kwa hiyo wengi walikuwa wameshaondoka zilipofika. Mama mkwe aliziweka kwenye mkebe wa biskuti, chumbani kwake. Mke yule alipoipata ya mume wake, aliitazama, akasema, "Papa huyu hakuwaga na ngozi nzuri hivi," kisha akaitia ndani ya blauzi na kurudi kwenye mikate. Nyingine hazikuchukuliwa na mtu. Mama mkwe alizifuta vumbi, moja moja, kila Ijumaa. Hakuyajua majina yao. Alisema tu, "Huyu alileta maji safi," au, "Huyu alinicheka."

Mume wangu alirudi mwisho wa kiangazi hicho, mchana wa saa tisa, kukiwa na foleni mpaka kwenye nyumba ya jirani.

Alikuwa ametembea kutoka Kasongo akifuata mto Lualaba, akipanda mitumbwi pale ilipopatikana, akijificha pale palipokuwa na bunduki. Kutoka Mulongo alisaidiana na wauza samaki wa baiskeli, akisukuma kwenye mchanga. Haya aliyasimulia baadaye. Wakati ule yalikuwa hayajulikani kwa mtu yeyote, na kilichofika mbele ya nyumba yetu kilikuwa ni mwanamume mwembamba, ndevu mpaka kifuani, amevaa koti la mvua la mtu mwingine. Aliona watu. Aliona nyasi. Akaanza kwenda moja kwa moja katikati yake, na viatu.

Mama wa mikate akamshika koti.

"Papa! Unaenda wapi? Bidoni yako iko wapi?"

"Bidoni gani?"

"Ya maji! Hawa bantu wote wanangoja, na weye unapita tu? Toa viatu. Shuka ku chemchemi, lete maji, ngoja zamu."

"Hii nyumba..." akaanza.

"Kila muntu anasema iko na ndugu ndani! Bidoni, papa!"

Wale wa kwenye foleni nao wakaanza kunung'unika, kwa hiyo akarudi nyuma. Mara nyingi nimemuuliza kwa nini hakusema tu, mimi ndiye mwenye nyumba. Anasema alijaribu kufikiria, akashindwa. Alikuwa amepita vizuizi vingi sana njiani, na kwenye kila kizuizi alikuwa amejifunza kutii kwanza. Isitoshe, anasema, aliona jinsi nyasi zilivyokuwa, akadhani nyumba imechukuliwa na mkubwa fulani wa jeshi, na sisi tumekwisha. Akaona heri aingie kama wengine, aone kwanza. Akaazima bidoni kwa muuza mikate yule yule, akashuka bondeni, akapanda nayo mlima na miguu ile iliyotoka Kasongo, akasimama nyuma ya sajini mmoja na bibi harusi wake.

Mimi nilikuwa ndani, nakaanga dagaa. Nilisikia sauti ya mama mkwe mlangoni, sauti yake ya kazi.

"Hii haikujaa."

Halafu mwanamume akasema, "Ilimwagika kwenye mulima, mama."

Sufuria niliiacha motoni, na dagaa wakaungua wote. Nilipofika mlangoni, mama mkwe alikuwa bado ameketi kwenye kibao, jicho moja kwenye mdomo wa bidoni, kama kwamba aliogopa kuliinua. Kisha akaliinua. Hakupiga kelele. Alimshika ndevu kwa mikono yote miwili, akamvuta chini mpaka uso wake ukawa karibu na wake, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia, vile sokoni wanavyokagua samaki.

"Njo weye kweli," akasema.

"Njo minyi, mama. Ni mimi."

Mimi nilibaki pale na mwiko mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa mwaka mzima. Mume wangu alinitazama, kisha akatazama chini, kwenye ukingo wa nyasi, akauliza: "Ni nani alikata majani fupi hivi?"

Nikampiga na mwiko. Halafu nikalia, na muuza mikate akalia, akijipiga kifua na kuomba radhi kwa foleni nzima. Sajini, ambaye hakuelewa kitu, alipiga saluti.

Wiki ile hakuweza kulala kitandani. Alisema kitanda kinasogea chini yake kama mtumbwi. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, alitoka nje, akavua viatu, akajinyoosha kwenye nyasi katikati ya watu waliovaa vizuri, na kabla hajamaliza kupiga miayo akawa amelala. Mpiga picha alisimama na kamera yake, asijue la kufanya. Mwanga ulikuwa mzuri, na wateja walikuwa wengi; wengine walikuwa wanapanda ndege kesho yake.

Mama mkwe akainuka kutoka kwenye kibao. Alichukua mfuniko wa sufuria yangu kubwa, akaenda kuketi karibu na kichwa cha mwanawe, akaanza kumfukuzia nzi.

"Leo mutangoja," akawaambia.

Askari wa kwanza kwenye foleni aliweka bidoni yake chini polepole, isigonge, akaketi juu yake. Wa nyuma naye akaketi juu ya yake, na aliyemfuata pia, mpaka mwisho wa foleni, wakiongea kwa kunong'ona, huku mama wa mikate akipita kati yao kwa ncha za vidole vya miguu na sinia lake.